Chemba ya mafuta inasafishwa, jikoni bado kunanuka na sinki linarudisha maji. Shida iko wapi?

#1 MamaLuwombo (Ntinda)
Habari zenu humu. Nina mgahawa Ntinda, Kampala, chini ya jengo la ghorofa, nimepanga. Asubuhi katogo na chai, mchana matooke, luwombo (ya kufungwa kwenye jani la mgomba), binyebwa (mchuzi wa karanga) na samaki, jioni chipsi na kuku. Mkaguzi wa afya alinitaka niweke chemba ya mafuta, ile ya kunasa mafuta ya sinki yasiingie bombani, ndipo anipe karatasi yake, nikachomelewa boksi la bati lisiloshika kutu, likakaa chini ya sinki la vyombo. Vijana wanalifungua na kulichota kila wiki.

Sasa sikilizeni. Asubuhi, kabla hata bomba halijafunguliwa, jikoni kunanuka mayai viza. Jioni wateja wakijaa, maji ya sinki yanashuka kwa kusuasua, halafu yanatokea kwenye tundu la sakafuni karibu na jiko. Na cha ajabu zaidi: tukifungua mfuniko, mafuta tunayoyakuta ni utando mwembamba tu. Jiko linakula madumu kwa madumu ya mafuta, kwenye boksi hakuna kitu. Yanakwenda wapi?

Naanza kuamini hiki kitu ni pambo la kumridhisha mkaguzi. Kama kimekusaidia niambie, na kama ulikitupa niambie pia.

#2 MtuWaMalaba
Niko kwenye foleni ya malori mpakani, nina muda wa kusoma uzi wowote. Mama, mafuta yamekwenda kwenye rolex (si saa, ile chapati ya mayai). Wengine endeleeni.

#3 FundiBomba_Katwe
Nnyabo, usilitukane boksi kabla hatujaliona tumboni. Kazi yake ni ndogo: kuyatuliza maji. Yakitulia, mafuta yanapanda juu kwa sababu ni mepesi, mabaki ya chakula yanazama, na maji ya katikati ndiyo yanayoruhusiwa kutoka. Kwa hiyo bomba la kutokea lazima liwe na tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ndani, mguu wake wa chini uzame vizuri, ili linyonye maji ya katikati na si ya juu. Na kuwe na ukuta wa kugawa, mmoja au miwili, usiofika chini kabisa.

Mengi yanayochomelewa mitaani ni sanduku lenye matundu mawili yanayotazamana kwa usawa mmoja. Maji yanaingia huku na kutokea kule bila hata kusalimia. Fungua uangalie: tii ipo? Ukuta upo?

#4 MamaLuwombo
Ukuta upo mmoja katikati. Tii sijui, nitamwambia kijana amulike kesho kabla ya kuwasha majiko.

#5 MpishiMtanga (Entebbe)
Tii iwepo isiwepo, mimi nauliza maji. Vyombo mnaoshea maji ya namna gani? Hoteli niliyopo tuliteseka na jambo hilihili. Mafuta yaliyoyeyuka ndani ya maji ya moto hayajui kama yamefika kwenye chemba, yanapita yakiwa majimaji, yanaenda kugandia mbele kwenye bomba lililopoa. Ongeza sabuni nyingi ya maji: kazi ya sabuni ni kuyavunja mafuta yawe vitone vidogo mno vinavyochanganyika na maji, na vitone hivyo haviwahi kupanda juu. Ndiyo maana unakuta utando mwembamba. Jikoni kunang'aa, bomba linaugua.

Tulichofanya sisi: sahani zinapanguswa kwanza, sufuria zinafutwa kwa karatasi, ndipo maji. Na mashine ya kuosha vyombo tuliitoa kwenye laini ya chemba.

#6 MamaLuwombo
@MpishiMtanga hapo umenigusa kidogo. Mashine sina, ila maji tunachemsha kwenye sufuria kubwa, tunamimina kwenye makarai, wasichana wanaosha, wakimaliza wanabwaga karai zima kwenye sinki.

#7 BwanaHesabu
"Wanabwaga karai zima." Kesi imekwisha hapa, mniruhusu niandike hukumu.

Chukua sinki la vyumba viwili, kila kimoja sentimita 45 kwa 45, kina 30. Kila chumba ni kama lita 60, vyote viwili 121. Halijazwi mpaka mdomoni, chukua robo tatu: lita 91. Likifunguliwa likaisha kwa dakika moja, ni lita 91 kwa dakika zinazolifuata boksi. Boksi la kawaida la mtaani, tuseme 60 kwa 40 kwa 40, limebeba lita 96 likijaa mpaka mfunikoni. Maana yake tone la maji linakaa humo dakika moja tu na kutoka. Chemba kubwa za kujengewa nje hupangwa maji yakae karibu nusu saa wakati wa kazi nyingi. Linganisha.

Na hilo ni sinki linalofunguliwa kistaarabu. Karai la lita 20 likibwagwa kwa sekunde mbili, hapo hakuna kutulia, ni mafuriko. Yale mafuta kidogo yaliyokuwa yameshaelea yanakorogwa na kusukumwa nje pamoja na maji. Mabokisi ya kiwandani huja na kipande kidogo cha kubana mwendo wa maji kabla hayajaingia, chenye tundu dogo la kuchanganya hewa. Mafundi wetu wakikiona wanakitupa, wanasema kinachelewesha maji. Ndiyo kazi yake jamani!

#8 FundiBomba_Katwe
Mimi sijawahi kukitupa. Wateja ndio huja juu: "Fundi, maji yanakwenda polepole, umefanya nini?" Nikieleza, anaitwa fundi mwingine.

#9 AfandeMstaafu (Gulu)
Salamu. Mimi nimepikia askari miaka mingi, sufuria za kupikia watu mia. Hatukuwa na boksi wala bokisi. Sufuria ya mafuta ilikuwa inafutwa na jifu la kuni, jifu linakunywa mafuta yote, linafagiliwa, linatupwa shimoni. Halafu ndio maji. Mfereji wa kambi haujaziba hata siku moja. Nyinyi watu wa Kampala mnatumia gesi, jifu mtatoa wapi.

#10 KasukuWaKisenyi
Afande shikamoo, lakini Ntinda hawezi kupika kwa kuni, majirani wa juu watamshusha kwa ngazi.

Mama, niseme wanachoogopa wenzangu kusema. Vijana wako hawasafishi. Ile kazi inanuka, hakuna anayeipenda, mshahara hauongezeki. Wanafungua mfuniko, wanakoroga kwa mwiko wa zamani, wanamwaga ndoo mbili za maji moto, mafuta yote yanakimbilia mbele, wanafunga. Wewe ukija unakuta kumependeza, utando mwembamba. Nimeona kwa macho yangu jikoni nilikofanyia kazi. Siku mojawapo kaa kiti, simamia mwanzo mpaka mwisho, na uulize swali moja tu: yale mafuta yaliyochotwa yamewekwa kwenye ndoo gani?

#11 MamaLuwombo
Banange. Swali hilo sijawahi kuliuliza.

#12 MtuWaMalaba
😂😂 Kasuku amevunja ndoa ya watu.

#13 BintiMaabara (Makerere)
Jamani, kila mmoja hapa ana kipande cha ukweli na anataka kukila peke yake.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni robo: mafuta ya juu ukijumlisha na matope ya chini yakifika robo ya kina cha maji, chemba isafishwe, hata kama ilisafishwa juzi. Wengi hutazama juu tu. Kwa chakula cha mama huyu, binyebwa, maganda, punje za wali, mimi ningetazama chini. Matope yakipanda, nafasi ya maji inapungua, mwendo wa maji unaongezeka, na hesabu ya @BwanaHesabu inazidi kuwa mbaya. Tena yale matope ndiyo yananuka. Vijidudu visivyohitaji hewa vinayala na kutoa gesi ya salfa, ndiyo harufu ya mayai viza ya asubuhi, kwa sababu usiku kucha maji yametulia na gesi imekusanyika.

Afande, jivu kwenye sufuria kavu ni sawa kabisa, na lina magadi yake ndani, linageuza mafuta kidogo kuwa kama sabuni. Lakini likiingia kwenye chemba linazama na kuwa tope gumu. Shimoni sawa, sinkini hapana.

#14 AfandeMstaafu
Nimesema shimoni. Soma vizuri binti.

#15 BintiMaabara
Ndiyo afande.

#16 KabaleBaridi
Huku Kabale tuko kwenye mita kama 2,000 juu ya bahari, usiku baridi inauma. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa, hayahaya ya madumu ya dukani, yanaganda rafuni. Sasa mtu wa Kampala analalamika kuwa mafuta yanapita kwenye chemba bila kuganda, mimi kwangu yanaganda kabla hayajafika kwenye chemba, palepale kwenye kona chini ya sinki. Mafuta ya ng'ombe ndiyo usiseme, hayo hata Kampala mchana yanaganda, hayayeyuki mpaka nyuzi 40 hivi. Kwa hiyo swali la "mafuta gani mnakaangia" lingekuwa la kwanza. Alizeti na mawese na samli si kitu kimoja.

Dawa yetu ni kumwaga maji yanayochemka kwenye bomba kila usiku.

#17 MpishiMtanga
@KabaleBaridi hiyo si dawa, unalihamisha tatizo kutoka kwako kwenda kwa jirani wa bondeni. Maji ya nyuzi 100 yanayeyusha kwa mita chache, mbele yanapoa, mafuta yanaganda upya, tena mahali ambapo mkono haufiki.

#18 KabaleBaridi
Kwanza kwa urefu huu maji yanachemka kwenye 93 hivi, si 100. Pili, jirani yangu wa bondeni ni kanisa, halikaangi chipsi, bomba lake lina nafasi.

#19 BwanaHesabu
Kampala ni 96. Tusipunjane nyuzi.

#20 MtuWaMalaba
Na mimi nichangie kitu cha maana kabla foleni haijasogea. Nilisoma kwamba London walikuta donge la mafuta kwenye mfereji wa chini ya ardhi, urefu wa nusu kilomita, mwaka 2015 kama sikosei. Wakalichimba kama mgodi.

#21 BintiMaabara
Ni mwaka 2017, mtaa wa Whitechapel, urefu mita 250, uzito wa tani 130. Kipande chake kiliwekwa kwenye jumba la makumbusho la mji huo mwaka 2018, watu wakawa wanapanga mstari kukitazama. Na lile donge halikuwa mafuta matupu. Mafuta yakichakaa kwa kukaangia yanatoa asidi zake, asidi zikikutana na kalisi (madini ya chokaa), hata ile inayotoka kwenye saruji ya mfereji, vinaungana kuwa kitu kigumu cheupe, jamaa wa sabuni. Changanya na vitambaa vya kupangusia, basi.

#22 JajaKostiki (Jinja)
Mmetaja sabuni nimeamka. Mimi nachemsha sabuni ya vipande hapa Jinja na nanunua mafuta yaliyokaangiwa. Tuelewane: mafuta ya kwenye kikaango, yaliyopoa na kuchujwa, ni mali. Yale ya kwenye chemba si mali. Yana maji, yana uozo, yana sabuni ya vyombo, yana kila kitu. Vijana huja na madumu wamechanganya yote mawili wakidhani sitajua. Naweka kidogo kwenye sufuria, yakianza kurusha cheche na kunuka, namrudishia dumu lake.

Sasa hoja yangu kwa mama. Kikaango chako kikichakaa mafuta, mnayamwaga wapi? Mgahawa wa chipsi na kuku unaomwaga mafuta ya kikaango sinkini hauwezi kuokolewa na boksi la aina yoyote. Kwa vipimo vya Wamarekani, boksi la galoni 20 kwa dakika, yaani lita 75 hivi, linatakiwa lishike ratili 40 za mafuta, kama kilo 18. Kikaango kimoja kikubwa ukikimwaga mara moja umelimaliza siku hiyohiyo.

#23 MamaLuwombo
Jaja, ya kikaango tunampa mama wa kabalagala na sumbusa wa barabarani. Anayanunua.

#24 BintiMaabara
Hilo nalo lina uzi wake 🙈

#25 KasukuWaKisenyi
Na sisi tunazila zile sumbusa. Asante kwa taarifa.

#26 MzeeWaNyumba
Nimesoma yote kimya. Mimi ni mwenye majengo, najua mnavyotusema. Lakini hakuna aliyejibu jambo la tundu la sakafuni. Kama chemba ndiyo imeziba, maji yangesimama ndani ya sinki. Yakishuka kutoka sinkini na kutokea sakafuni, ina maana yamevuka boksi, yamefika kwenye bomba linalokutana na lile la sakafuni, na huko mbele ndiko kulikoziba. Boksi halina hatia. Tena ghorofa za juu zinamwaga kwenye bomba hilohilo. Saluni juu? Nywele. Wapangaji? Kila kitu. Mama anabeba lawama za jengo zima.

#27 FundiBomba_Katwe
Mzee hapo umesema kweli, ikiwa tundu la sakafuni limeunganishwa baada ya boksi. Wapo mafundi wanaoliunganisha kabla. Amwage ndoo ya maji yenye rangi, maji ya biti (bitiruti) yanatosha, kwenye tundu la sakafuni, aangalie kama yanaonekana ndani ya boksi. Yakionekana, nadharia ya mzee imekufa.

Ila mzee na wewe nikuulize: bomba la kutokea la jengo ni la inchi ngapi, na lina chemba ngapi za kufungulia mpaka barabarani? Majengo mengi niliyoingia, chemba za kufungulia zimefunikwa na vigae. Mtu anaweka vigae vizuri vya gharama juu ya mfuniko, halafu anashangaa.

#28 MzeeWaNyumba
Vigae alitaka mpangaji.

#29 MwanaBwaise
Wakubwa, mnasahau mvua. Uzi umeanza mwezi gani? Huku kwetu Bwaise mvua za Machi mpaka Mei na zile za Septemba mpaka Novemba, kila tangi la majitaka linajaa maji ya ardhini, chemba zote zinarudisha, uwe unakaanga au unasali. Kampala yenye bomba kuu la majitaka ni sehemu ndogo tu, sisi wengine ni mashimo na magari ya kunyonya. Kwenye tangi mafuta ni sumu ya polepole: yanaelea juu, yanatengeneza ukoko, siku yakifika kwenye shimo la kunyonya maji yanapaka udongo, udongo hauli tena maji. Hapo unachimba jipya.

Ntinda iko juu, labda mvua haimhusu. Lakini aangalie kama jengo lina bomba kuu au tangi.

#30 MamaLuwombo
Mwenye nyumba wangu anasema bomba kuu. Meneja anasema tangi. Nitajua siku ya kufukua.

Ripoti: tii ipo, @FundiBomba_Katwe. Lakini mguu wa chini ni mfupi kama kidole gumba. Na nilisimamia usafi jana mwenyewe. Kasuku, Mungu anakuona. Ndoo ya mafuta haikuwepo kabisa. Walikuwa wanachota matope kidogo kwa kikombe na "kusuuza". Nimenunua ndoo mbili zenye mifuniko. Chini kulikuwa na tope la binyebwa zito kiasi cha kusimamisha kijiko.

#31 FundiBomba_Katwe
Mguu kama kidole gumba! Nilisema. Huo unanyonya utando wote wa juu. Ongeza kipande cha bomba, gundi, dakika kumi kazi imekwisha.

#32 KasukuWaKisenyi
Nilisema.

#33 BintiMaabara
Tope. Nilisema.

#34 BwanaHesabu
Ongezeni mguu mpaka China, makarai yakiendelea kubwagwa tutarudi hapahapa.

#35 MuuzaUnga_Nakawa
Samahani wakuu, nina unga wa vijidudu, unautia usiku kwenye chemba, unakula mafuta yote, hakuna kuchota tena. Karibuni inbox.

#36 BintiMaabara
Ndugu, kuna vimeng'enya na kuna vijidudu hai, na wauzaji huvichanganya makusudi. Vimeng'enya vinakata mafuta vipande vipande, yanapita, mbele yanajikusanya tena. Ndiyo maana miji mingi ya ng'ambo imepiga marufuku. Vijidudu hai vinakula kweli, lakini kwa mwendo wao, na jikoni kila usiku mnamwaga klorini ya kupigia deki. Umevilisha jioni, umeviua saa nne. Na havili mifupa wala majani ya chai. "Hakuna kuchota tena" ni uongo.

#37 MuuzaUnga_Nakawa
Wapo wateja wangu wanafurahi.

#38 MpishiMtanga
Mimi nilitumia aina mojawapo, harufu ilipungua kweli, mafuta hayakupungua. Kwa hiyo kama unauza dawa ya harufu, sema harufu.

#39 AfandeMstaafu
Na kostiki soda? Watu wanaimwaga bombani kuzibua.

#40 JajaKostiki
Afande, mimi nakula kwa kostiki na sikushauri. Inatengeneza sabuni ndani ya bomba, joto linapanda, mafuta yanayeyuka, mteja anashangilia, halafu sabuni inaganda kwenye kona inayofuata. Ikigusa alumini inatoa gesi inayowaka. Na anayekuja kufungua bomba kesho yake hajui iliwekwa nini, inamrukia machoni. Wengine wanafuatisha asidi au klorini juu yake kwa hasira. Klorini na asidi vikikutana ni moshi wa kuua.

#41 Mkongomani_Arua
Bonjour. Kwa ile gesi ya mayai, muogope kweli. Hoteli moja huku ilikuwa na chemba ya kujengewa chini, kirefu kuliko mtu. Kijana aliingia na koleo, hakumaliza hata kuinama, magoti yakalegea. Bahati alikuwa amefungwa kamba, tulimvuta. Ile gesi ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, unafikiri harufu imekwisha kumbe ni wewe unakwisha. Chemba kubwa haingiwi, inanyonywa na gari kutoka juu. Sisi tulikuwa tunasema ni pepo la choo, kumbe ni kitu kinaeleweka.

#42 MwanaBwaise
@Mkongomani_Arua pole sana. Jambo hili lingewekwa juu kabisa ya uzi.

Swali kwa wote: yakishachotwa, yale mafuta yanapelekwa wapi? Tangu jaa la taka la Kiteezi liporomoke Agosti 2024, watu wa taka wanakuwa wakali, ndoo ya majimaji hawaipokei.

#43 JajaKostiki
Changanya na pumba za mbao au yale majivu ya afande mpaka iwe kavu, funga kwenye mfuko, wanapokea.

#44 BwanaHesabu
Wengine wanamwaga usiku kwenye mtaro wa mvua, tuwe wakweli. Na mitaro mingi ya katikati ya mji inaishia mfereji wa Nakivubo, Nakivubo inaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na Ggaba wanavuta maji ya kunywa ghuba hiyohiyo. Kanuni za majitaka za mwaka 1999 ziliweka mafuta na grisi yasizidi miligramu 10 kwa lita ya maji yanayoachiliwa kwenye mazingira. Ndoo moja ya chemba ni sawa na kusema sijui kusoma.

#45 BintiMaabara
Kanuni zilibadilishwa mwaka 2020, ila hoja inasimama. Na Kampala siku hizi inapata maji ya Katosi pia.

#46 BwanaHesabu
Asante kwa sahihisho, mwalimu.

#47 MamaLuwombo
Nimerudi. Mguu wa tii umeongezwa. Mwenye nyumba alileta watu wa fimbo za kuzibulia mabomba, wakapasua kigae (ndiyo, kulikuwa na kigae juu ya mfuniko, @FundiBomba_Katwe cheka). Walichokitoa: kitambaa cha kupangusia meza, mifupa ya kuku, nywele za rangi tatu, na maganda meupe magumu yaliyobanduka kutoka kwenye kuta za bomba, kama chokaa lakini yanateleza mkononi. Maji ya biti niliyamwaga: hayakuonekana kwenye boksi.

Maji sasa yanakwenda. Harufu ya asubuhi ipo, imepungua kidogo tu.

#48 MzeeWaNyumba
Nywele za rangi tatu. Mgahawa hauna nywele za rangi tatu.

#49 BintiMaabara
Yale maganda meupe ndiyo niliyoyasema kwenye #21. Hayo ni ya mafuta, mzee, si ya saluni.

#50 FundiBomba_Katwe
Harufu iliyobaki inaweza isitoke kwenye boksi kabisa. Angalia mambo mawili. Mfuniko una mpira wa kuzibia? Mabati yetu mengi yanafungwa chuma kwa chuma, gesi inapita. Na tundu la sakafuni lina kona yake ya maji? Kama halimwagiwi maji ya kutosha, kona inakauka na hewa ya bomba kuu inapanda jikoni. Tatu, bomba la kupumulia la jengo limepandishwa mpaka juu ya paa au limeishia dirishani kwa mtu?

#51 MpishiMtanga
Umesema mawili ukataja matatu.

#52 FundiBomba_Katwe
La tatu ni la bure.

#53 KasukuWaKisenyi
Na gharama ya kigae kilichopasuliwa nani analipa?

#54 MzeeWaNyumba
Mkataba unasema matengenezo ya ndani ni ya mpangaji.

#55 FundiBomba_Katwe
Bomba la jengo zima ni "ndani" ya nani?

#56 MtuWaMalaba
Foleni imesogea jamani, naondoka. Nikifika Ntinda nitakula hapo ila nitapangusa sahani mwenyewe.

#57 BwanaHesabu
Mama, kabla ya kununua boksi kubwa, tupe urefu, upana na kina cha maji cha hilo ulilonalo, na vipimo vya sinki. Na weka wavu kwenye tundu la sinki. Na makarai...

#58 MamaLuwombo
Makarai nimewaambia wamimine polepole, wananitazama kama nimerogwa. Vipimo nitapima usiku tukifunga. Mpira wa mfuniko haupo, kijana amekwenda Kisenyi kutafuta. @KasukuWaKisenyi kama unajua duka, nielekeze.

#59 KasukuWaKisenyi
Yapo mengi, ila aende na mfuniko wenyewe. Akienda na kipimo cha kamba atarudi na mpira wa sufuria ya presha.

#60 AfandeMstaafu
Na luwombo ya kuku ni bei gani hapo kwako?

#61 MamaLuwombo
Afande njoo tu, bei tutaongea. Ya kuku ipo mpaka jioni, ya binyebwa saa nane inakuwa imekwisha.